Mchungaji, vijana wetu wa mjini wanahoji kila kitu. Kanisa litakuaje?

"Shikamoo, Mchungaji. Mimi ni mlezi wa vijana katika usharika mmoja hapa Mtwara mjini. Miaka mitatu iliyopita ibada yetu ya vijana ya Jumapili jioni ilikuwa na watu kama 35. Tukachangishana, tukanunua spika kubwa, kinanda na taa, tukamleta mwimbaji kutoka Dar es Salaam. Tukafika 130. Leo tumerudi 40, na wengi wa hao ni wanakwaya ambao wangekuja hata pasipo spika. Waliopotea ni wale niliowatamani zaidi: wanachuo wa Stella Maris na TIA, wauguzi wapya, vijana wa benki na wa bandarini. Si walevi wala si wahuni. Ukikaa nao wanauliza: sadaka inakwenda wapi? Mbona manabii wa kwenye simu wanauza maji na mafuta? Babu yangu alikuwa Mwislamu mwema, yuko wapi sasa? Mwezi uliopita mmoja wao, mtoto niliyemfundisha mwenyewe shule ya Jumapili, aliandika kwenye grupu la WhatsApp: 'Samahanini, mimi siamini tena, ila nawapenda.' Mzee mmoja wa kanisa akataka atolewe, na akatolewa siku hiyo hiyo. Tangu hapo grupu limekuwa kimya. Wengine wanashauri tuanzishe ibada ya Kiingereza, wengine wanataka mhadhara wa kujibu hoja, wengine wanasema tufunge na kuomba siku 21. Nina miaka 41 na sijui pa kuanzia. Tufanye nini?"

Marahaba, dada yangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote macho yamekwama kwenye maneno mawili ya huyo kijana: ila nawapenda. Anayeondoka kweli haagi hivyo. Anabadilisha namba, au anabaki kwenye grupu mwaka mzima bila kufungua ujumbe hata mmoja, na siku mkimkumbuka keshahamia Dodoma. Wako bado yuko mlangoni. Kwa hiyo kabla hatujazungumza habari za spika, Kiingereza na mfungo, kuna kazi ya leo jioni: mpigie simu. Usimpigie kumrudisha kundini. Mwambie kumtoa lilikuwa kosa, na kosa ni lenu, kisha mwombe mnywe chai siku atakayotaka yeye. Akikataa, msalimie tena baada ya wiki mbili. Yote nitakayoandika hapa yanaanzia kwenye simu hiyo.

Hofu yako naiona ina sehemu mbili. Unaogopa usharika utabaki wa wazee na wanakwaya. Na chini yake ipo nyingine ambayo hukuiandika lakini inasomeka: kwamba mtoto uliyemkaririsha Zaburi ya 23 leo anasema haamini, na pengine aliyeshindwa ni wewe. Hukushindwa. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, ila niruhusu nianze na mambo mawili ambayo nadhani pale usharikani mmeyachukua sivyo.

La kwanza ni kwamba shaka imeletwa na simu. Hili nimelisikia kwenye semina kuanzia Kilwa mpaka Tandahimba. Simu inachangia, sikatai. Mwaka 2020 vijana waliona habari za Moshi, watu 20 walipokufa uwanjani katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 wakaona Shakahola kule Kenya, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msituni, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Kijana aliyeona hayo, akaja Jumapili akamkuta mhubiri anajisifu kwa muujiza wa wiki hii, akakunja uso, huyo hajaharibiwa na intaneti. Akili aliyopewa na Mungu inafanya kazi iliyoumbiwa.

Lakini kwa Mtwara shaka ina mizizi ya zamani kuliko simu. Mji huu umelelewa kwa ahadi. Waingereza waliuleta mradi wa karanga mwaka 1947, ikaanza bandari, ikalazwa reli kuelekea Nachingwea, na mwaka 1951 mradi ukafa. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kata ya Reli tunayo mpaka leo, reli hatuna. Ikaja gesi. Ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 ikakaa kimya miaka mingi, halafu ghafla kila mtu akawa anaizungumza. Kodi za vyumba zikapanda, watu wakakopa wakajenga nyumba za wageni, vijana wakahesabu ajira ambazo hawajaziona. Wewe ulikuwepo mwaka 2013, huna haja ya kukumbushwa vurugu zilizotokea juu ya lile bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Bomba lilikamilika mwaka 2015, na wengi waliokuwa wanasubiri wakarudi kwenye bodaboda.

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa ana ishirini na kitu. Ndiye huyo anayekaa kiti chenu cha nyuma. Amefundishwa na mji wake kwamba mtu akija na kipaza sauti na ahadi kubwa, muulize lini, na ni nani atakayewajibika isipotimia. Mkimhubiria kwamba akipanda mbegu ya elfu hamsini atavuna gari, anasikia sauti anayoifahamu tangu utotoni. Huwezi kuitibu shaka ya namna hiyo kwa ahadi nyingine yenye sauti kubwa zaidi.

La pili mlilolichukua sivyo ni ile 130. Nisamehe nikiuliza swali gumu: kati ya wale tisini waliopotea, unaweza kuandika majina mangapi sasa hivi, bila kufungua simu? Sikuulizi kukutia hatia. Nauliza kwa sababu jibu lake ndilo maelezo ya kila kitu kilichotokea. Walikuja kumwona mwimbaji, wakamwona, wakaenda. Hakuna aliyewafukuza, na hakuna aliyegundua siku walipokosekana. Hivyo tusiseme mlikua halafu mkapungua. Mlikuwa 35, mkapata wageni, na wageni wameondoka.

Sasa niseme jambo lenyewe kwa utaratibu, maana hapa ndipo watu wengi hupita haraka.

Imani ya mtu haikai kichwani mwake peke yake. Mengi tunayoyaamini, mimi na wewe, tunayaamini kwa kuwa wako watu tunaowaamini ambao wameyaishi mbele yetu. Mtoto wa Ndanda au Newala alizungukwa na watu hao: bibi, katekista, mwalimu, jirani, mkunga aliyemzalisha mama yake. Akimtilia shaka mmoja, alimwegemea mwingine. Na misheni zenyewe huku Kusini hazikuanza na jukwaa. Askofu Edward Steere wa Kianglikana alipofika Masasi mwaka 1876 aliwaleta watu waliotolewa utumwani, wakaanza kijiji. Wabenediktini wa Ndanda, watawa wa Kikatoliki, tangu mwaka 1906, waliweka shule, hospitali na karakana, na watu wakaamini katikati ya maisha hayo ya kila siku. Sasa kijana huyo anapanda basi kuja Mtwara. Anapata chumba Magomeni au Chuno, kitanda, jiko la gesi, simu. Kwa safari moja ya basi nguzo zote zimeondolewa. Swali lile lile ambalo kijijini lingebebwa na watu kumi, sasa analibeba peke yake saa sita ya usiku, na anayemjibu ni mtu asiyemjua, kwenye video ya dakika moja.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo ningependa ulifikirie. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi ilipoundwa mwaka 1926, alikuta jando ambalo wamisionari wengi waliliona ni giza tupu. Yeye, pamoja na mapadre Waafrika, wakatengeneza jando la Kikristo. Mpaka leo watu wanabishana kama alifanya vyema, nami sitaki kuumaliza ubishi huo hapa. Ila aliheshimu kitu ambacho sisi wa mjini tumekipoteza. Hakuna kijana aliyekwenda kumbini peke yake. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumwangalia, na kwa wasichana vivyo hivyo, kila mwali ana somo yake. Kungwi hakuwa mwalimu wa darasani. Alikaa na wari, alijibu maswali ya aibu usiku, na hata miaka ishirini baadaye mtu akipata shida katika ndoa yake anajua mlango wa kugonga. Sharika zetu za mjini zimehama na ngoma, kungwi zikamwacha kijijini.

Nikutoe Mtwara kidogo, kwa sababu wanaoshauri spika na Kiingereza huwa wamesikia habari za makanisa ya miji mikubwa. Mwaka 1989 mchungaji mmoja, Tim Keller, alianza kanisa Manhattan, New York, katikati ya vijana wanasheria, wasanii na watu wa mabenki ambao kanisa waliliona ni jambo la bibi zao. Walianza watu kama 50. Ndani ya miaka ishirini hivi waliohudhuria kila Jumapili walizidi 5,000. Walioiga kanisa hilo waliiga muziki, kahawa na mavazi. Wachache walitazama alichofanya baada ya ibada: alibaki pale mbele na mtu yeyote akaweza kumuuliza chochote, na katika mahubiri yenyewe alizungumza na asiyeamini kama mtu aliyealikwa na anayeheshimiwa. Hapa jirani, kanisa la Mavuno la Nairobi, lililozaliwa kutoka kanisa la Nairobi Chapel mwaka 2005, lilijulikana kwa muziki wa vijana, lakini ukiwauliza watu wake walishikwa na nini, wengi watakutajia Mizizi, kozi ya wiki kumi katika vikundi vidogo. Miji hiyo ina fedha ambazo sisi hatuna. Hicho kilichowasaidia, hata hivyo, hakinunuliwi.

Nami nilijifunza polepole. Mwanzoni mwa uchungaji wangu binti mmoja wa chuo aliniuliza swali baada ya ibada, nikamjibu kwa mistari minne ya Biblia ndani ya dakika tatu. Akasema asante, Mchungaji. Sikumwona tena, na mpaka leo sijui kama swali aliloniuliza ndilo alilokuja nalo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Lindi, tulianza watu saba kwenye baraza ya muuguzi mmoja, kila Alhamisi saa moja jioni. Chai ya mdalasini kwenye chupa, mihogo ya kukaanga, na boksi la viatu lililotobolewa juu. Kila mtu aliandika swali bila jina. Karatasi ya kwanza niliyoikunjua ilikuwa na herufi kubwa za wino wa kijani: MAMA ALIOMBEWA NA WATU 200. ALIKUFA. MLIKUWA MNAONGEA NA NANI? Majibu nilikuwa nayo, nilishayahubiri. Lakini niliishika ile karatasi nikaona mikunjo yake imechakaa, laini kama noti ya zamani. Haikuandikwa jioni ile. Mtu alikuwa ametembea nayo mfukoni tangu kabla sisi hatujafikiria habari ya boksi.

Nikasema, "Sijui. Ila ningependa kusikia habari za mama." Kukawa kimya. Bodaboda ikapita, mtu akaongeza chai ambayo hakuna aliyeiomba. Kisha kijana mmoja wa benki, mchangamfu kuliko wote, ambaye nisingemdhania kamwe, akaanza kusimulia jinsi mama yake alivyokuwa akiimba alipokuwa anabangua korosho. Alizungumza muda mrefu. Hatukufika karatasi ya pili. Leo sijui imani yake imefika wapi, sijamuuliza. Ninachojua ni kwamba muuguzi akiwa zamu ya usiku, yeye ndiye anayefungua baraza na kuchemsha chai.

Hiyo ndiyo ningependa mwanze nayo. Sehemu moja, nyumbani kwa mtu, isiwe kanisani. Watu saba mpaka kumi na wawili. Maswali ya kuandikwa. Na watu wazima wawili au watatu wenye roho ya kungwi, kila mmoja akibeba vijana watatu hivi, si zaidi. Mchungaji wenu asiwe mmoja wao kila wiki. Mbele ya mchungaji watu hujibu vizuri mno. Wachague watu wasio na haraka, wanaoweza kusema sijui bila kuona aibu, na ambao hawajawahi kusikika wakisimulia siri ya mtu. Hili la siri lisisitize mpaka wachoke kulisikia. Neno moja likitoka pale barazani likafika kwa mama wa kijana, mmemaliza, hata miaka mitatu haitatosha kulirudisha.

Wazee watakuuliza: je, hatubariki kutoamini? Wasomee Yohana 20 polepole. Tomaso alisema wazi mbele ya wenzake kwamba hatasadiki mpaka aone kovu. Baada ya siku nane tunaambiwa wanafunzi walikuwa ndani tena, na Tomaso pamoja nao. Siku nane mtu asiyesadiki anakula na kulala katikati ya watu waliosadiki, hakuna aliyemtoa. Bwana alipokuja alimkuta humo. Angekuwa ametolewa, wangemtafutia wapi?

Na yule mzee aliyetaka kijana atolewe, usimfanye adui. Mwendee nyumbani kwa heshima zake, peke yako. Mara nyingi mzee wa namna hiyo anaogopa kama unavyoogopa wewe, ila kwake hofu inatoka kama amri. Mwombe aje Alhamisi moja awasimulie vijana mwaka ulioitikisa imani yake kuliko yote. Nimeona wazee wakali wakilia kwenye swali hilo, na vijana wakiwatazama kwa macho mapya.

Sasa fedha. Vijana wenu wanauliza sadaka inakwenda wapi, na nyumbani kwenu Kusini swali hilo ni halali kuliko mahali popote nchini. Wazazi wao wengi ni wakulima wa korosho. Tangu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuweka mazao ghalani na kuyauza kwa mnada, ianze kwenye korosho mwaka 2007, watoto hawa wamekua wakisikia mnada: bei za wanunuzi zinasomwa mbele ya wakulima, wakulima wanakubali au wanagoma, kisha makato yanatajwa moja moja, ya chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), ya chama kikuu, ushuru wa halmashauri, ghala, usafiri. Wameona pia baba amekaa na karatasi yake akisubiri malipo ambayo hayaji, na katibu ambaye vitabu vyake havionekani. Mtoto wa nyumba hiyo ukimwambia sadaka ni kati ya mtu na Mungu wake, asiulize, unamwambia kanisa linazidiwa uwazi hata na AMCOS.

Bandikeni karatasi kila mwanzo wa mwezi: kilichokusanywa, kilichokwenda dayosisi, posho, umeme, deni la spika kama bado lipo. Kwa makato yote. Na mna hazina pale TIA: vijana wanaosomea uhasibu. Wawili kati yao, hata kama wanasema wana mashaka, waombeni wakague vitabu kila robo mwaka. Kijana anayeaminiwa kuona hesabu anaanza kujiuliza kwa nini anaaminiwa. Baadhi ya wazee watahofu kwamba mkisoma hesabu sadaka itapungua. Katika sharika mbili nilizohudumu ambazo tulifanya hivyo, haikupungua.

Swali la babu ndilo hasa swali la Mtwara, na ningekusihi usilikabidhi kwa mtu mwenye majibu ya mkato. Huku kwetu nyumba moja ina Hamisi na Yohana, Idd wanakula wote na Krismasi wanakula wote. Kijana anayeuliza babu yuko wapi mara nyingi hatafuti somo la theolojia. Anataka kujua kama kanisa lako linamdai ampige teke marehemu aliyemlipia ada. Madhehebu yetu hayafundishi kwa sauti moja juu ya jambo hili, nami sitajifanya yanafundisha hivyo. Mimi ningemjibu: imani yangu ni kwamba wokovu uko kwa Kristo, sitakuficha, na kiti cha hukumu hakijakaliwa na mchungaji yeyote. Babu yako yuko mikononi mwa Mungu aliyemuumba, ambaye ni mwenye haki na rehema kuliko mimi na wewe. Kisha ningemwomba anisimulie habari za babu. Na wakisoma hitma, nenda naye, kaa jamvini, kula ubwabwa wa watu, salimiana nao vizuri. Hilo atalikumbuka kuliko jibu.

Utaona sasa kwa nini mhadhara siuungi mkono. Mihadhara ya kushindanisha vitabu imeipita pwani hii tangu miaka ya 1980, na niliyoihudhuria iliacha wenye imani wakishangilia, wenye maswali wakiondoka mapema, na majirani hawatazamani. Hoja zina mahali pake. Kijana akiuliza habari za sayansi na umri wa dunia, au kama Injili ziliandikwa na watu walioona, mtafutieni mtu aliyesoma, azungumze naye kwa utulivu, hata kwa mwezi mzima. Sipendi kudharau maswali ya kichwa. Ila kwenye maboksi niliyofungua, mengi yalihusu kifo, unafiki wa viongozi, fedha na ndoa za wazazi.

Ibada ya Kiingereza ni jambo la kupimwa. Ingefaa kama mna wageni wasiojua Kiswahili, na mnao wachache. Vijana wenu wanafanya mitihani kwa Kiingereza, lakini wanatilia shaka kwa Kiswahili. Ile karatasi ya wino wa kijani haikuandikwa kwa lugha ya mitihani. Isitoshe, sharika nyingi za hapo mjini tayari zinaonekana ni za watumishi waliotoka bara, walimu, askari, watu wa maofisini. Mmakonde wa Naliendele au kijana wa Mikindani akipita nje anajiuliza kanisa hili ni la nani. Sijui kama mnataka kumwongezea ukuta.

Mfungo ni mzuri, fungeni. Lakini usifunge ili kuahirisha ile simu. Na baada ya Shakahola, yeyote anayetangaza siku 21 awaambie wazi wanaotumia dawa, wajawazito na wenye vidonda vya tumbo kwamba wao wale chakula chao. Spika msiziuze, mmeshazilipia. Zipunguzeni sauti tu.

Mategemeo yako yawe ya kweli. Mkianza Novemba, wanachuo wapya wanapofika, mkamaliza mwaka na watu kumi na wawili wanaojuana kwa majina na wanaotafutana mmoja akikosekana, mmekua. Mwaka wa pili vikundi viwili, pengine vitatu. Na jiandae kwa uchungu wa mji wa vyuo: kila mwaka utawapoteza wale uliowapenda. Wanamaliza, wanapangiwa Mbeya, Kigoma, Chato. Usharika wenu hautaona faida yao kwenye daftari la sadaka. Mwandikie mchungaji wa huko wanakokwenda, au mlezi mwenzako, umtaje kijana kwa jina, umwombe ampokee na maswali yake. Hivi ndivyo kungwi anavyomkabidhi mwali.

Yapo mambo ambayo baraza na chai havitoshi, na hapa nakuomba uwe makini. Kijana akisema haamini, huku halali, hali, ameacha kwenda kazini, au anazungumza kana kwamba dunia ingekuwa afadhali bila yeye, hiyo si shaka ya imani ya kujadiliwa Alhamisi. Muulize wazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake usiku huo, mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Ligula, umweleze daktari ulichokisikia, na uende naye mwenyewe. Kuombea unaweza kumwombea njiani. Akiwa ameacha dawa zake, za ukimwi, kifafa au kisukari, kwa sababu nabii alimwambia amepona, arudi kituo cha afya kesho asubuhi, mjadala wa unabii utafuata. Na binti akikueleza kwamba kiongozi wa kanisa, awe nani, amemshika au amemtaka, usimpeleke kwenye kikao cha wazee kupatanishwa. Nenda naye Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Nimeona kesi za namna hiyo zikimalizwa ndani kwa ndani, na wote waliojua, si binti peke yake, waliacha kuamini chochote tulichosema.

Wewe mwenyewe tafuta mtu wa kukaa naye, mara moja kwa mwezi hata kama ni kwa saa moja, nje ya usharika wenu. Mlezi anayebeba maswali ya watu kumi na wawili bila pa kuyatua ataanza kuyajibu haraka haraka ili yaishe. Nikija Mtwara nitakutafuta, na kama baraza litakuwa limeanza nitakaa nyuma, sitahubiri.

Ila simu kwanza. Saa hizi ninapoandika ni saa kumi jioni. Yaelekea kijana wako anatoka chuo au kazini. Usimwandikie kwenye WhatsApp, mpigie asikie sauti yako.